Sura Ambayo Ombati Alijiwekea

Makori alikuja kwangu Nyamira Jumapili moja bila kupiga simu. Ni binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, na tangu tuzeeke sote amezoea kudhani kwamba atanikuta nyumbani wakati wowote, jambo linaloniudhi kwa sababu ni kweli. Alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Mkewe tulimzika mwezi wa pili, na nilifikiri ameniletea kitu cha marehemu, shali au kikombe, niweke kumbukumbu. Mjukuu wangu Sabina alikuwa jikoni akichambua mboga, nikamwambia aongeze unga kwenye sufuria, mjomba amefika. Makori alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akasema, "Dada, nimekuletea kitu chako. Kilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, tangu siku ile." Akatoa kitabu. Jalada lilikuwa la kitambaa cha kijani kilichofifia, limeungua pembe moja. Nilikitambua kabla sijakishika.

Kitabu hicho sitakitaja jina. Mtu yeyote aliyesoma shule anakijua au amekisikia, kinauzwa hadi leo kule Kisii mjini, na wanangu wote watatu walikisoma kwa ajili ya mitihani. Ni hadithi ya wavulana wawili wanaotoroka kwao na kufuata mto kwa miguu ili waone unaishia wapi. Kwangu mimi ni kitabu cha mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa darasa la saba, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mfupi aliyevaa sweta ya kijivu hata jua likiwa kali, aliniazima kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sauti bila kukwama. Aliniambia nikirudishe kabla ya mwaka kwisha na nisikipake mafuta ya kupikia. Nilimwahidi yote mawili.

Tulikuwa tukikisoma nyuma ya jiko, milimani karibu na Nyamache, kwenye gogo lililokuwa limekaa pale tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilisoma kimyakimya kwa Kiingereza, kisha nikamsimulia ndugu yangu Ombati kwa Ekegusii, aya kwa aya, huku yeye akipukuchua mahindi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, meno ya mbele yameachana, na alikuwa na tabia ya kunikatiza. Nikisema walivuka mto, aliuliza maji yalifika wapi, magotini au kiunoni. Nikisema walilala, aliuliza walijifunika nini. Siku nyingine nilimtungia majibu ili tusonge mbele, naye alinikamata kila mara, maana kesho yake alikumbuka nilichosema jana kuliko nilivyokumbuka mimi. Nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Magokoro kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao, alitusikia kutoka jikoni, na yeye swali lake lilikuwa moja tu. "Hao watoto wametembea wiki nzima," alisema. "Wanakula nini? Nani anawapikia?" Tulicheka hadi Ombati akamwaga mahindi. Kwa Magokoro, mtoto aliyekula alikuwa mzima na mtoto ambaye hakula alikuwa mgonjwa, na hakukuwa na jambo la tatu la kujua kuhusu mtoto.

Kulikuwa na kitu katika kitabu hicho ambacho Ombati alikishika kama Amri Kumi. Wale wavulana wawili waliahidiana kwamba anayefichua siri ya mwenzake ataachwa ng'ambo, yaani mwenzake atavuka mto na kumwacha ukingo wa pili peke yake. Ombati alilipenda neno hilo. Alilitumia kwa kila kitu. Nikimwona akilamba sukari ya wageni, aliniambia, "Ukisema, utaachwa ng'ambo." Nikivunja kikombe, nilimwambia yeye vivyo hivyo. Mwaka ule wote tuliishi kwa sheria hiyo, na niseme ukweli, ulikuwa mwaka wa furaha kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Alipanga tufuate mto Gucha hadi ziwani mara tu atakapotoka jandoni, kwa sababu aliona si vizuri mvulana asiyetahiriwa kusafiri mbali. Mimi nilipangiwa kubeba chakula. Nililalamika kwa nini nibebe mimi, akasema, "Wewe ni msichana, lakini pia wewe ndiye unajua Kiingereza, tukikutana na mzungu."

Mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa, Ombati na Makori walitahiriwa pamoja, asubuhi moja ya baridi, na wakaingizwa kwenye nyumba ndogo waliyojengewa chini ya shamba, mpakani mwa migomba. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu. Vijana walikaa ndani karibu mwezi mzima hadi wapone, na mle ndani palikuwa na moto ambao haukuruhusiwa kuzimika hata mara moja kuanzia siku waliyoingia hadi siku waliyotoka. Wazazi hawakukanyaga huko. Aliyeingia ni omosegi, yaani kijana mkubwa aliyechaguliwa kuwalea na kuwafundisha, na wa kwetu alikuwa jirani aitwaye Nyamweya, mwenye viatu vyeupe na mchumba ng'ambo ya kilima. Wasichana tulipeleka chakula. Unaweka mabakuli mlangoni, unakohoa, unaondoka bila kugeuka, na baadaye unarudi kuchukua mabakuli matupu. Kuwaona ilikuwa mwiko, na kuzungumza nao pia.

Siku ya tatu nilizunguka nyuma ya ile nyumba. Waliokandika ukuta walikuwa na haraka, na kati ya fito mbili palibaki tundu la kupitisha mkono. Nilikaa chini kwenye majani makavu ya mgomba, nikafungua kitabu, nikaanza kusimulia kwa sauti ndogo pale tulipokuwa tumeachia. Mle ndani palikuwa kimya. Kisha nikasikia sauti ya Ombati, karibu kabisa na sikio langu, "Maji yalifika wapi?" Nilitamani kucheka na kulia. Tangu siku hiyo nilikwenda kila adhuhuri, Nyamweya akiwa kwa mchumba wake. Sikumwona ndugu yangu hata mara moja, wala sikuchungulia, maana mwiko mmoja nilikuwa nimeshauvunja na wa pili niliuogopa. Nilijua sauti yake tu, na moshi uliotoka kwenye tundu ukaingia kwenye kurasa.

Tulipokaribia mwisho, wiki ya pili, alinizuia. "Bado sura ngapi?" aliuliza. Nikamwambia moja. Akasema, "Hiyo usisome. Hata wewe usiisome. Niachie, nitaisoma mimi mwenyewe nikitoka. Utanifundisha yale maneno magumu." Nikamwambia kwamba Kiingereza chake ni cha darasa la nne, atatumia mwaka mzima. "Basi nitatumia mwaka," akasema. Nilifunga kitabu. Ndipo nikagundua kwamba alikuwa ananong'ona kwa namna ya ajabu, maneno yakitoka bapabapa, kama mtu anayeongea huku ameuma sindano. Nilimuuliza ana nini mdomoni. Alisema hana kitu, taya zimechoka tu.

Kesho yake zilikuwa zimechoka zaidi. Alinieleza, neno moja baada ya jingine, kwamba mdomo haufunguki vizuri na shingo imekuwa ngumu. Nilimwambia nitasema kwa Mama. Akakasirika hata sauti ikapanda. Nyamweya alikuwa amewaambia kwamba anayelalamika mle ndani ataimbiwa nyimbo za kumcheka hadi aoe, na kwamba mtoto wa fulani alilia na mtoto wa fulani hakula, na majina yao yanajulikana hadi leo. "Ukisema," akaniambia kwa meno yaliyofungana, "utaachwa ng'ambo." Nilikaa pale na kitabu mapajani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niliweza kusoma Kiingereza bila kukwama, na sikujua la kufanya.

Nilipokwenda mlangoni kuchukua mabakuli, yote mawili yalikuwa matupu. La Makori lilikuwa jeupe, la Ombati lilikuwa na ukingo wa buluu uliobanduka. Hakukuwa na hata punje ya ugali wa wimbi, na mchuzi wa chinsaga, ile mboga chungu ambayo Ombati aliipenda, ulikuwa umepanguswa kwa kidole. Nilishangaa. Nikajiambia kwamba kumbe anakula, na mtu anayekula atafunguaje mdomo kula na asiufungue kuongea? Nilibeba mabakuli hadi jikoni, ambako Magokoro alikuwa amekaa na shangazi. Alichukua lile la ukingo wa buluu, akaligeuza juu chini, akamwonyesha shangazi. "Tazama," akasema. "Huyu ni mwanaume. Yule mtoto wa jirani, kwenye nyumba yao ya jando, anarudisha nusu." Shangazi akapiga kigelegele kidogo cha mzaha. Nilisimama mlangoni nikinyamaza, na kunyamaza kule ndiko ninakokuota hadi leo.

Siku ya tatu tangu sauti yake ibadilike, nilipofika kwenye tundu, hakujibu. Nilisikia anapumua kwa pua, haraka haraka. Nikamwita. Makori akasema kutoka ndani, "Amelala." Kisha nikamsikia Ombati akisema neno ambalo ilinichukua muda kulielewa. Alikuwa anataka kitabu. Alitaka kukishika tu. Nilikipitisha kwenye tundu, nikahisi vidole vyake vikigusa vyangu, vilikuwa moto, na vikakichukua. Hapo nilivunja ahadi. Nilikimbia kupanda shamba hadi jikoni, nikasema mbele ya Mama, Magokoro na shangazi kwamba Ombati ni mgonjwa, mdomo wake umefunga.

"Nani amekuambia?" Magokoro aliuliza.

"Amesema mwenyewe."

Shangazi akashika kinywa. Magokoro aliinuka, na alikuwa mzee wa kuinuka kwa shida. "Wewe Kemunto umeongea na kijana aliye ndani? Msichana mzima? Unataka kidonda kisipone?"

"Magokoro, hawezi kufungua mdomo!"

"Hawezi kufungua mdomo," akarudia, "na hiki ni nini?" Akachukua lile bakuli la ukingo wa buluu nililokuwa nimelileta asubuhi ile, akaliinua mbele ya uso wangu. "Hiki kimeliwa na nani? Na panya?"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimebishana na wakaguzi, na miaka yote hiyo nikilikumbuka lile bakuli sikuwa na jibu. Mama aliinuka. Aliweka mwiko chini, akajifunga leso, akatembea hadi mlangoni na kutoka nje hatua tatu au nne kuelekea shambani. "Mama mzazi akikanyaga kule," Magokoro akasema nyuma yake, polepole, bila hasira, "utamzika mwanao." Mama alisimama pale. Niliona mgongo wake. Upepo ulikuwa unachezesha leso. Kisha akarudi, akachukua mwiko, akaendelea kusonga ugali, na mimi nilimchukia kwa hilo miaka mingi, hadi nilipozaa na kujua mtu huwa anaogopa nini.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya kilima, Nyamweya alipita kunywa uji, akaulizwa. Alicheka. "Wanakula hadi wanalamba bakuli," alisema. "Huyo mdogo anajifanya. Anataka mama yake." Nilimwangalia viatu vyake vyeupe. Magokoro akanitazama, na macho yake yaliniambia kwamba mambo yamekwisha. Sikulaumu kabila wala dini wala mila; wale walikuwa watu walionipenda na waliompenda, na walikuwa na ushahidi mkononi.

Asubuhi iliyofuata Nyamweya alitoka kwenye ile nyumba akikimbia, na alikuwa peku. Ombati alikuwa amejikunja mgongo kama upinde, na kila akiguswa mwili ulishtuka. Sikuuona, nilisikia wanaume wakielezana. Walimfunga kwenye blanketi, Nyamweya akambeba mgongoni hadi barabarani, baba akifuata nyuma kwa umbali, kwa sababu hata wakati huo aliogopa kumtazama. Walisimamisha lori la majani chai. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba ule ugonjwa unaitwa pepopunda, na kwamba siku mbili tatu mapema pengine, pengine, ingekuwa tofauti. Alifariki kabla lori halijafika hospitalini. Tulimzika siku iliyofuata, mvua ikinyesha, na watu wa kanisa waliimba nyimbo zote wanazozijua kwa sababu mchungaji alichelewa.

Nilimwambia mwalimu wangu kwamba kitabu kimepotea. Alisema si kitu. Sikumwambia kimepotea wapi, na sikuwahi kusoma sura ya mwisho. Baadaye nilikuwa na nafasi nyingi. Wanangu walikiacha mezani kikiwa wazi. Nilikifundisha darasani mihula miwili, na yote miwili nilimwachia mwalimu mwenzangu wiki ya mwisho, nikasingizia koo. Watu wanaweza kucheka, na mimi pia hujicheka. Lakini aliniambia nisisome, na ile ahadi nyingine nilikuwa nimeshaivunja, tena kwa kuchelewa.

Sasa kitabu kilikuwa mapajani mwangu Nyamira, kinanuka moshi wa miaka hamsini na kitu. Nilikigeuza. Mwishoni mwake hakukuwa na mwisho. Kurasa zilikuwa zimechanwa kwenye mshono, mabaki ya karatasi yamesimama kama nyasi zilizofyekwa.

"Ile siku ya mazishi," Makori alisema, akitazama sakafu, "nilikuwa mle ndani peke yangu. Hakuna aliyekuja. Nilisikia nyimbo. Kuni zilikuwa zimelowa, moto ukaanza kufa, na mimi nilijua moto ukizimika na mimi nitakufa, maana ndivyo tulivyoambiwa. Nikachana kitabu. Nilianza na sura ya mwisho kwa sababu hiyo hamkuwa mmeifikia. Kidogo kidogo, karatasi moja moja, hadi mlipomaliza kuimba." Akapangusa mdomo. "Haukuzimika, dada."

Nilimwambia ni sawa. Nilimwambia kwamba karatasi ni karatasi. Lakini hakuwa amemaliza, na niliona hakuja kwa ajili ya karatasi.

"Mke wangu nilimwambia alipokuwa anaumwa, akasema nikuambie kabla hatujafa wote. Chakula chake nilikula mimi." Alinyoosha vidole vitatu mbele yangu, kama mtoto anayeonyesha umri wake. "Siku tatu. Alinisihi. Alisema Kemunto akirudisha bakuli lina chakula, watajua. Alinisukumia bakuli kwa mguu. Nilikula langu, kisha nikala lake, nikapangusa kwa kidole ili pasibaki kitu." Sauti yake ikawa nyembamba. "Halafu, dada, nilikuwa na njaa. Kilikuwa kitamu."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkono uliinuka kutoka kwenye kitabu, mkono wa mama mzee mwenye baridi yabisi. Niliona lile bakuli mbele ya uso wangu, mkononi mwa Magokoro, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu la swali lake, lakini Magokoro amekufa, Mama amekufa, Nyamweya alikunywa pombe hadi akafa, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kiti changu na mvi kichwani, likilia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitunza siri ya mwenzake, kama kitabu kilivyosema, na mimi ndiye niliyemsomea kitabu hicho kupitia ukuta. Mkono niliushusha. Nilimwambia, "Makori, hukujua," naye akatikisa kichwa, na tukakaa hivyo, kila mmoja akiwa na fungu lake ambalo mwingine hawezi kumpunguzia.

Baada ya muda aliuliza, "Iliishaje? Ile hadithi."

"Sijui."

"Wewe, mwalimu?"

"Sijui, Makori."

Sabina akaleta chakula. Ulikuwa ugali wa wimbi, maana Makori haupendi ule wa mahindi, na chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Niliomba, tukanawa, tukala. Alikula kidogo, akapumzika, akala tena kidogo, kisha akalisogeza bakuli mbali kwa vidole viwili na kuniomba radhi. Alisema kwamba tangu zamani hamalizi chakula, hata mkewe alikuwa amezoea. Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi, Sabina alikuwa amesimama kando ya meza, amekunja uso. "Mgeni wako hajamaliza," alisema. "Nimwage?" Nilimwambia aache. Nilikaa mahali alipokuwa amekaa Makori, nikalivuta bakuli karibu, nikatazama ugali uliobaki na alama za vidole vyake. Mwaka ule ningetoa chochote nilichokuwa nacho, ili nikute mlangoni bakuli kama hilo.